Liliokotwa Juu ya Ardhi

Mtunza mawe wa jumba la makumbusho alikuwa na desturi ya watu wa kazi yake: jiwe lisiloeleweka alililamba, kwa kuwa mate huamsha rangi. Kazi yake ilikuwa kujua kila jiwe limetoka wapi. Alasiri hiyo alilamba jiwe la kijani lenye kibandiko kilichofifia: "Zawadi ya Mhandisi. Liliokotwa juu ya ardhi." Lilikuwa na ladha ya jasho.

Alipoinua macho, mchimbaji mmoja alikuwa ameketi kwenye stuli ya pili, vumbi hadi kwenye kope.

"Umenilamba shingoni, dada," alisema.

"Samahani, kaka. Karibu chai."

Chai ilikuwa ya mtu mmoja, akaigawa. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aligawana chochote na mtu, akafurahi.

Wenzake wa machimboni walimwita mchimbaji huyo Mrefu, kwa utani, maana alikuwa mfupi mno. Kwa ufupi huo ndiye aliyetumwa kwenye tundu lililokuwa na jiwe hilo. Alilipitisha nje, kisha tundu likaporomoka naye akiwa ndani. Mkewe akaambiwa na Mhandisi kwamba mumewe ametoroka na mwanamke.

"Alikufa akinilaani," alisema Mrefu. "Na huko tuliko nimeeleza mpaka nimechoka. Anataka maandishi. Anasema maneno matupu alishayasikia kwangu nikiwa hai."

Mtunza mawe alimwelewa huyo mke. Mume wake mwenyewe alitoroka kweli, tena bila hata kuaga, na yeye pia angeshukuru kuachiwa kibandiko.

Aliandika kipya: lilichimbwa, na aliyelichimba yumo bado shimoni. Akakipeleka kwa mkurugenzi pamoja na Mrefu. Mkurugenzi alimtazama kijana yule, akapiga hesabu kwamba alifariki kabla babu yake hajazaliwa, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole sana kwa yaliyokukuta. Lakini marehemu hawezi kuwa shahidi. Na tukikusikiliza wewe, kesho makabati yote yatataka kusema."

Alikichana kibandiko taratibu, kwa heshima, akaagiza kile cha zamani kichapwe upya, maana wageni walilalamika hakisomeki.

Mtunza mawe alikibandika kabla ya kufunga chumba. Gundi ilichelewa kushika, kwa hiyo Mrefu alikishikilia kwa kidole gumba.

"Kinasemaje?"

"Vile vile."

"Herufi kubwa zaidi?"

"Kubwa zaidi."

Mrefu aliendelea kukandamiza mpaka gundi ikakauka.

Siku hizi huja kila alasiri. Mtunza mawe amenunua kikombe cha pili, na huona aibu kwamba anafurahi, kwa kuwa anajua mtu huyu angekuwa kwa mkewe kama angepokelewa.

"Wifi hajambo?" humuuliza akimmiminia.

"Hajambo," hujibu Mrefu. "Bado amenipa mgongo."