Matone ya Mafuta Kwenye Kona ya Te Kōpua

Nimepiga picha miaka kumi na tisa na sijawahi kupiga harusi hata moja. Mimi napiga barabara. Watu wakinikuta nimepiga magoti kwenye lami hunipigia honi: "Erana, umedondosha hereni?" Nawajibu kwa maneno ambayo marehemu mama asingependa kuyasikia.

Kazi yenyewe ni hii. Unaweka sanduku jeusi juu ya lami, lina mpira chini kuzuia mwanga. Ndani mna kamera, na taa mbili zinazowaka kwa zamu, moja kushoto, moja kulia. Kompyuta inasoma vivuli vya kokoto. Kivuli kikiwa kirefu, kokoto zimesimama na tairi lina cha kushika. Kivuli kikikosekana, lami imepanda na kuzimeza kokoto, na mvua ikinyesha hapo ni sabuni tupu. Sharti ni moja tu: piga pale matairi yanapopita. Katikati ya njia hakukanyagwi, kokoto za pale hubaki kali miaka na miaka. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Mwaka jana mwezi wa pili, dada Ngāhuia alikuwa anampeleka mumewe, Rewi, hospitali kusafishwa damu kama kila Jumatano. Ilikuwa mvua ya kwanza baada ya wiki tano za jua kali. Kwenye kona ya Te Kōpua gari likateleza na kuangukia mtoni, upande wa Rewi. Ngāhuia alitoka na mkono uliovunjika. Rewi hakutoka.

Mama zetu ndio ndugu, lakini kwetu huyo ni dada yangu, na ukibisha utaniudhi. Anaendesha basi la shule miaka ishirini na miwili na hajawahi hata kulichubua rangi. Polisi wakamshtaki kwa uzembe barabarani uliosababisha kifo. Na ushahidi wao mkubwa, jamani, ulikuwa namba yangu. Nilikuwa nimeipima kona ile siku kumi na mbili kabla ya ajali, na faili likasema kokoto zimesimama vizuri. Kama barabara ni nzuri, basi dereva ndiye mbaya. Tena haikuwezekana kupima upya, maana muda mfupi baada ya maziko zamu ya kona ile ilifika, ikamwagiwa lami na kokoto mpya. Ilibaki picha yangu peke yake.

Wiki moja kabla ya kesi nilimkuta jikoni kwake anamenya viazi vitamu.

"Jumanne nitakiri kosa, mdogo wangu," akasema.

"Ukiri nini? Si ulisema ulikuwa unaenda polepole?"

"Nilidhani hivyo. Lakini wewe ulipima. Wewe hukosei."

"Dada, watakunyang'anya leseni. Na basi la shule je?"

"Wachukue." Akaweka kisu chini. "Rewi mwenyewe aliniambia. Neno lake la mwisho, pale pale konani: 'Unakimbilia wapi, mama?'"

"Aa, Rewi! Si alikuwa anakwambia hivyo hata ukirudisha gari nyuma uani?"

Nilicheka kidogo. Yeye akarudia viazi vyake. Mimi nikaondoka.

Ijumaa mwendesha mashtaka akataka picha ile ichapwe kubwa kwa ajili ya mahakama. Nikaifungua ofisini, nikaikuza. Juu ya kokoto palikuwa na matone meusi, madogo, mengi, yamepangana mstari. Mafuta ya injini. Mafuta hudondoka katikati ya gari, hayadondoki matairini. Nilikuwa nimepiga katikati ya njia.

Nikakumbuka kila kitu. Siku ile jua lilikuwa linachoma. Niliweka sanduku pale panapotakiwa, na lami ikanata kwenye mpira wa sanduku na kwenye magoti ya suruali yangu. Nikatukana. Binamu yangu alikuwa ananichemshia kome, ilikuwa saa kumi, sikutaka kusugua lami jioni nzima. Nikalisogeza sanduku hatua moja kuelekea katikati, pakavu. Hatua moja tu! Lami ilikuwa imepanda mpaka inanishika magoti, kona nzima inanipigia kelele kwamba imeharibika, na mimi nikaona uchafu.

Bosi wangu, Selwyn, aliiinamia picha.

"Matone tu hayo, Erana. Nani atayajua?"

"Mimi nayajua."

"Utafukuzwa kazi."

"Nifukuze basi. Upige magoti wewe na hicho kitambi chako."

Sikuwa jasiri. Lakini nikaandika barua kwa mahakama kueleza picha ilipopigwa, na Jumamosi nikaipeleka kwa mkono wangu nyumbani kwa wakili wa Ngāhuia.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kufunua jiwe la kaburi la Rewi, mwaka ulikuwa umetimia. Ukoo wote ulikuja. Jiwe lilikuwa limefunikwa joho la manyoya ya ndege, kama ilivyo desturi yetu. Nilimvuta Ngāhuia pembeni, kwenye bomba la maji langoni, nikamwambia yote: jua, magoti, kome, hatua moja. Nilitaka anizabe kibao. Angenizaba ningeshukuru.

Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake uliokuwa umevunjika.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Kwetu marehemu husemeshwa uso kwa uso, mbele ya watu. Nikasimama mbele ya jiwe.

"Rewi," nikasema, "shemeji. Kona ilikuwa imekufa na mimi niliiandika nzima. Nilikwepa uchafu. Picha yangu ni ya uongo, na mahakama nimeiandikia hivyo. Mkeo alikuwa anaendesha kama anavyoendesha basi la watoto wa watu. Lami ndiyo iliyokuangusha, na mimi ndiye niliyenyamaza juu yake. Nakuomba radhi, na sijui kama inaombeka."

Shangazi mmoja akapiga yowe. Mdogo wake Rewi akaniangalia, akageuka, akatoka makaburini bila kunawa mikono langoni, jambo ambalo kwetu halifanywi. Hajazungumza nami mpaka leo, na simlaumu.

Ngāhuia akapita mbele yangu. Akaliondoa joho juu ya jiwe polepole, akalikunja, akalipakata. Kisha akapiga magoti, akaweka paji la uso na pua kwenye jina la mumewe, kama tunavyosalimiana sisi.

"Umesikia, mzee?" akasema. "Sikuwa nakimbilia popote."