Malaika Ana Kasi Gani

Ghorofa ya juu ya kiwanda cha mikate iliporomoka asubuhi, wafanyakazi wa zamu wakiwa ndani. Mwalimu wa fizikia alipata habari akiwa ubaoni. Akaacha chaki na darasa zima, akatoka mbio. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kutojua kunyamaza, alikuwa akifunga mikate mle ndani.

Alimkuta hai. Sauti yake ilitokea kwenye bomba la maji ya mvua lililopenya katikati ya kifusi, ndogo, lakini yake. Mwalimu akalala kifudifudi juu ya matofali, akatega sikio.

"Dada, usilie. Mguu umebanwa tu. Nipo na fundi wa tanuri, nimemshika mkono. Haongei tena."

Kreni ilikuwa njiani, waliambiwa, na kila aliyeuliza alijibiwa vilevile. Mafundi wa gereji ya jirani wakachoka kungoja. Wakaleta jeki za magari, wakazichomeka chini ya zege moja baada ya nyingine, polepole, maana zege likitikisika kidogo tu vumbi lilimwagika na Chiriku akapaliwa.

Mchana ulipopinda, Chiriku akauliza, "Dada, si wewe unafundisha mambo ya mwendo? Malaika anakwenda kasi gani?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nimeomba atumwe mmoja. Nataka kujua kama amekaribia."

Mwalimu hakuwa mtu wa kanisani, lakini swali likiulizwa lilimwasha mpaka alijibu. Akasema hakijajulikana kitu kinachoupita mwanga, nao ungeweza kuizunguka dunia zaidi ya mara saba kwa sekunde moja.

"Basi kashafika."

"Inategemea anatoka wapi," maneno yakamponyoka. "Kutoka nyota iliyo karibu nasi baada ya jua, mwanga wenyewe huchukua zaidi ya miaka minne."

Bomba likanyamaza. Mwalimu alitamani kujikata ulimi. Akaita, akaita tena.

"Nipo," Chiriku akasema hatimaye. "Miaka minne ni mingi, Dada. Mkono wa fundi unapoa. Nilimwombea yeye. Mimi naumia tu."

Mwalimu akakumbuka mambo ya Biblia waliyosomewa na mama yao utotoni, akayang'ang'ania.

"Sikiliza. Danieli alikuwa bado anaomba, hajamaliza, malaika Gabrieli akamfikia. Mwanga hauwezi hilo kama mbingu iko kule nyuma ya nyota. Kwa hiyo hatoki mbali. Hasafiri kama vitu vinavyosafiri."

"Na ile mara nyingine? Malaika alizuiwa njiani wiki tatu."

"Alizuiwa na vita, si umbali. Na alipofika alisema maombi yalisikika tangu siku ya kwanza."

"Kusikika kunamsaidia nini fundi?"

Mwalimu akapitisha mkono ndani ya bomba hadi begani. Vidole havikugusa kitu. Akauacha humo humo.

Jioni zege lilipanda vya kutosha mtu kupita akitambaa. Walimtoa Chiriku akiwa mweupe kwa vumbi na unga. Iliwabidi wamkunjue vidole kimoja kimoja, maana alikataa kuuachia mkono wa fundi, na fundi alikuwa amekufa. Kreni ilipofika, watu walikuwa wameshaanza kukusanya jeki.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Alikaa wodini bila kuongea, yeye Chiriku, uso ukutani, na mwalimu akakaa naye bila kumlazimisha.

Mke wa fundi wa tanuri alikuja baada ya mazishi. Mwalimu akainuka awapishe, mama yule akamwashiria aketi.

"Nimeambiwa ulikuwa naye," akamwambia Chiriku. "Alisema nini?"

Chiriku akageuka.

"Aliniambia nikitoka nikazime tanuri. Alisema mikate inaungua na tajiri atasema yeye ndiye mzembe."

"Ndiye huyo," mke akasema. "Ndiye mwenyewe." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko pumzi ikamkatika, akainama juu ya kitanda akilia kwa sauti. Chiriku akamshika kichwa. Mwalimu akaenda kufunga mlango wa wodi.