Ng'ambo ya Regina

Sikuwa na ng'ombe hata mmoja, sikuwa na baiskeli, wala mjomba wa kunisemea kwa baba wa binti. Viatu vya Jumapili niliazima kwa katekista. Nilikuwa na miaka ishirini tu, na Regina akinitazama.

Zilikuwa mvua za baada ya Uhuru. Ziwa lilipanda likameza nyumba za Karema, na Zakayo, baba yake Regina, akaleta watu wake kujihifadhi kwetu Kasekese. Miezi mitatu Regina alitwanga na dada zangu, akiwacheka kwa kuuogopa mto, eti kijito. Asubuhi moja alinikuta shambani nikichimba mfereji wa kutoa maji. Baba yake alikuwa amepata pa kuhamia.

"Nitakusubiri ng'ambo, Evodi," alisema. "Siku saba. Usiponifuata, Baba ataniozesha."

Ng'ambo niliyoijua mimi ilikuwa ya mto wetu. Daraja la magogo lilikuwa limekwenda na mafuriko. Nilivuka kwa kamba ya magome, maji kifuani, nguo kichwani. Nilikaa siku saba nikila mihogo mibichi. Nikaongeza mbili. Kisha nikarudi, nikawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemwacha.

Nikahamia Misunkumilo, nikasoma ngumbaru, nikaoa, nikazika mke. Mvua zikiwa kubwa, bado husimama mlangoni nikisikiliza mto.

Mwezi uliopita alikuja binti muuza vitenge kutoka Moba, aitwaye Aline. Alikuwa mjukuu wa Regina, na jina langu alilijua kwa bibi yake.

"Babu, kumbe ndo wewe uliyeogopa maji?"

Nilimwambia kwa ukali kwamba nilivuka, tena maji kifuani. Akauliza ni ziwa gani hilo la kufika kifuani. Nilipotaja mto alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajifuta macho.

"Babu. Kwa watu wa Karema, ng'ambo ni Kongo, huko kwetu Moba."

Regina yu hai, ila macho yamekwisha. Aline ndiye atakayemsomea barua yangu, na atajua yote. Niliandika kurasa nne za maneno makubwa, nikazichana. Nikabakiza haya:

"Regina, nilivuka. Nilikungoja siku tisa mahali ambapo hukuwapo. Niliposema nimekuacha, nilisema uongo."

Nikalamba bahasha, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Nilimpa Aline dirishani, gari la Karema likiwa limeshaanza kutembea.