Sebule ya Wiki Moja

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya shule pale mume wa dada yake alipoingia na ubao mweusi kichwani na madaftari sita kwapani. Alikuwa karani aliyepunguzwa kazi, na sasa alitaka kuwafundisha watu uongozi.

"Shemeji, niazime sebule. Wiki moja tu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu nakupa jembe," alimtania, akahamishia cherehani chumbani.

Siku ya tatu alimpa jembe kweli. Shemeji akashukuru, akalitumia kufundishia mgawanyo wa kazi.

Wanafunzi sita wakahitimu Ijumaa. Jumamosi nyuma ya sebule kulikuwa na chumba kipya, kinanuka chokaa mbichi. Fundi alilalamika tu kwamba mlango wake unakwaruza sakafu. Tangu hapo kila kundi likihitimu nyumba iliongeza chumba: cha mameneja wa benki, cha walimu wakuu, cha wauguzi viongozi. Mwaka wa kumi ikapanda ghorofa bila kuita mwashi. Jirani aliyesukumwa pamoja na kibaraza chake alisema afadhali, sasa yuko karibu na barabara. Ng'ombe haelemewi na nunduye, fundi alijisemea. Shemeji ni wetu.

Wiki ile moja ikatimiza miaka ishirini na mitano. Wateja walichoka kupotea kwenye korido wakitafuta magauni yao. Hilo alilivumilia. Kilichomchoma ni watu kumwuliza amepanga hapo tangu lini. Kwa hiyo shemeji, sasa Mkurugenzi, alipoandika historia ya chuo kwa ajili ya jubilei, fundi alimfuata ofisini.

"Umeandika 'chumba cha kuazima'. Cha nani?"

"Shemeji, kurasa zenyewe chache."

"Ziko mia mbili. Nataka moja tu iseme nyumba ni yangu."

"Leta ombi kwa maandishi. Wewe ni mtu wa nyumbani, utasikilizwa."

Alileta. Siku ya jubilei walihitimu watu mia tatu. Kesho yake alitoka kununua uzi, akarudi akakuta chumba chake kimepanda hadi ghorofa ya saba, na langoni yupo mlinzi mgeni, mpole, mwenye kitabu.

"Unakwenda ofisi gani, mama?"

"Kwangu."

Mlinzi akapitisha kidole kwenye orodha ya idara, taratibu, mara mbili.

"Haipo. Andika Usafi, mama. Wale hawazuiwi."

Sketi za watu zilikuwa zinasubiri. Akaandika Usafi, akapanda ngazi.