Hodi ya Kombe

Bi Mwatum wa Mbweni aliwasha seredani, akawasuuza kombe aliowafukua pwani asubuhi maji yalipokupwa, akawatia sufuriani na kuwafunika. Kwa kawaida mvuke ukiwafikia magamba yao hufunguka yenyewe. Siku hiyo walibaki wamefumba, kisha wakasema kwa pamoja, "Hodi."

Bi Mwatum aliona hiyo ni adabu njema, kuliko ya mawifi zake, ambao hufika hadi jikoni ndipo waulize kama kuna watu. Akaitikia, "Karibuni." Kombe wakafunguka wote. Akawauliza, kama aulizwavyo mgeni yeyote, wanatoka wapi.

"Kwenu," wakajibu.

Alidhani ni maneno ya heshima tu. Lakini nyuma ya mikoko ya pale pwani kuna bomba linalomwaga maji ya vyoo vya mjini na ya karakana za betri, na kombe hachagui, hunywa yapitayo. Tabia, binti yake, alikula sahani ya kwanza. Kufika alasiri alikuwa haachi kutapika na kuhara, macho yameingia ndani.

Daktari alisema vijidudu vitatoka kwa dawa. Risasi ya betri iliyoonekana kwenye damu, hiyo haina haraka. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini huyu hata jembe hapokei. Akishaingia mwilini amehamia. Roho ya Bi Mwatum haikutulia tena. Akikaa huinuka, akiinuka husahau alichoinukia.

Hakufukua kombe tena. Ila walishakaribishwa, basi wakawa wanakuja wenyewe, kila maji yakijaa, wakijipanga kizingitini. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kwa kuwa hodi ya tatu isipoitikiwa mgeni hurudi kwao, nao walirudi. Jirani yake Mayasa alilalamika tu kwamba kombe wa kwake huja kabla hajapiga mswaki.

Tatizo lilikuwa Tabia. Alilelewa vizuri mno. Siku moja, mama yake akiwa kisimani, aliitikia "Karibuni" kutoka kitandani, nao wakaingia hadi kwenye shuka, na homa ikapanda upya.

Hapo Bi Mwatum alikasirika kweli. Akawazoa kombe kwenye kapu, akavaa buibui, akaenda mjini kwenye ofisi inayosimamia bomba. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani feni ilizunguka na kijiko kilikoroga chai. Akapiga hodi, na kombe wakamsaidia wakiwa kapuni. Ya pili, kijiko kikanyamaza. Ya tatu, kikaendelea kukoroga.

Aliinua kapu lake. Kisha akageuka, kwa sababu ada ni ada. Njiani kombe mmoja alimpa pole.

Jioni maji yalijaa, na hodi ikasikika. Tabia akafumbua mdomo. Bi Mwatum akauziba kwa kiganja.

"Usiitike, mwanangu."

Tabia akakisogeza kile kiganja. "Lakini umenifunza mwenyewe, mama."

"Nnajua. Sasa nnakufunza tena."

Hodi ya tatu ikapita. Kombe wakageuka taratibu, wakashuka pwani walikotoka. Huko nyuma ya mikoko bomba lilikuwa likimwaga vilevile, na lenyewe halijawahi kumpigia mtu hodi.