Sisi Sote Tumefurahi

"Anza," mpimaji wa mtihani wa kusoma alisema, akabonyeza saa ya simu yake.

Ghati akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Madam Wegesa alikuwa amekaa kwenye kona ya stoo ya vitabu, ameshaambiwa asifungue mdomo. Hata kutoka pale aliona kidole hakitetemeki, moyo ukamtulia kidogo.

Maana huyu mtoto wa kike alikuwa wa kupigania. Mwaka jana alishindwa kusoma, akarudishwa darasa la pili. Baba yake, mzee Mniko, akaja shuleni na fimbo yake ya kuchungia, akasema mbele ya walimu wote, "Akirudishwa tena, basi. Shule siyo zizi, mtu kulala humo humo kila mwaka." Walimu wakacheka. Wegesa hakucheka, kwa sababu mzee hakuwa anatania.

Ndiyo akaanza kubaki naye kila mchana. Wakaanza na sauti: mmm, aaa, ma. Ghati akashika sauti, akashika silabi, lakini akawa anasoma kama mtu anayechambua mchele: anaokota moja moja, wala hajui atakula nini. Basi Wegesa akabuni mchezo. Ukimaliza sentensi unafunga kitabu, unajiuliza: kweli au si kweli? Kuku ana meno. "Si kweliii!" Mama anauza nyanya. "Kweli!" Hapo mtoto akawaka. Akaanza kugombana na vitabu.

"Madam, hiki kitabu kinadanganyaga. Bibi mwenye fimbo anakimbiaje hivi?"

"Kasuku hawezi kuuliza hivyo," Wegesa alimwambia. "Kasuku anatamka tu, hasomi. Wewe unasoma."

Kufika Septemba, Ghati alikuwa akisoma huku uso unabadilika kama anga la mvua.

Na sasa alikuwa anasoma. "Leo ni siku kubwa. Ng'ombe wameingia zizini." Sauti safi. Hata r na l, zinazowasumbuaga watoto wa huku Butiama, zilikaa kila moja kwake. "Baba amefurahi."

Akaishia hapo.

Sentensi iliyofuata Wegesa aliijua. Sisi sote tumefurahi. Akajua na kilichomkwamisha mtoto. Mwezi wa sita ng'ombe waliingia kwenye zizi la mzee Mniko pia, na siku ileile Boke, dada yake Ghati, aliyembeba mgongoni na kumsuka nywele, alipakiwa kwenye gari, akapelekwa Kibara kwa mume.

Sekunde zilikuwa zinaenda.

"Si kweli," Ghati alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemsahihisha mkubwa.

"Nini?" mpimaji akauliza.

"Mama alilia. Na mimi nililia. Siyo sisi sote."

Mpimaji aliitwa Thadeo, kijana mpole, na tangu asubuhi alikuwa ameshasikiliza watoto thelathini na kitu. Akasubiri mpaka dakika ikaisha, akaandika. "Maneno tisa. Mwalimu, huyu hajui kusoma."

"Anajua!" Wegesa akasahau kwamba alikatazwa kusema. "Umemsikia mwenyewe. Kama hajui kusoma, amejuaje kuwa si kweli?"

"Mimi nimemwelewa. Lakini fomu ina kisanduku cha maneno kwa dakika. Cha machozi hakuna." Akajikuna shingo, akamtazama mtoto, akamwonea huruma. "Kifungu ni hichohicho, sina kingine. Nitampa mara moja tu. Mtoe nje, mweke sawa. Asome kilichoandikwa."

Nje kulikuwa na jua kali. Wegesa akachuchumaa mbele ya Ghati, akatafuta pa kuanzia.

"Ukirudi mle ndani, usijiulize."

"Nisijiulize nini, madam?"

"Chochote. Tamka tu. Kama kasuku."

"Si ulisema kasuku hasomi?"

"Nilisema. Leo sahau."

Ghati akafikiri. "Hata kama ni uongo?"

Wegesa akamwekea sawa kola ya shati, ingawa kola ilikuwa sawa. "Hata kama."

Wakarudi. Saa ikabonyezwa, na Ghati akasoma kifungu chote, mwanzo mpaka mwisho, bila kupumua vizuri. Sisi sote tumefurahi ikapita kama maji kwenye bomba. Maneno arobaini na moja, sekunde zikabaki.

"Huyo!" Thadeo akacheka kwa furaha ya kweli. "Mwalimu, umemfanyaje?"

Wegesa akasema asante. Hakujua anamshukuru kwa nini.

Saa nane mama yake Ghati akafika shuleni, jembe begani, habari ameshaipata njiani.

"Shikamoo, mama Boke."

"Marahaba, mwanangu. Eti amepita?"

"Amepita, mama."

Mama akapiga kigelegele kifupi, akaona aibu, akajifunika mdomo. Halafu akafungua pindo la kanga, akatoa simu ndogo ya tochi. "Basi Mungu amenijibu. Kuna meseji ya Boke tangu jana. Sisi nyumbani hatujui kusoma, na sikutaka kumpelekea jirani mambo ya mwanangu." Wegesa akanyoosha mkono, lakini mama akampita, akampa Ghati. "Nisomee wewe, msomi wangu."

Ghati akashika simu kwa mikono miwili, akaanza.

"Mama shikamoo huku naanika dagaa kutwa usiku ananipiga mkono umevimba nataka kurudi nyumbani mwambie baba arudishe ng'ombe zao mimi Boke."

Pumzi moja. Hakuruka hata neno. Uso mkavu kama sahani iliyofutwa.

Mama alikuwa bado anatabasamu, anangoja meseji ianze. "Mbona umekimbiza hivyo? Sijashika kitu. Dada yako anasemaje?"

"Sijui, mama. Nimesoma tu."

Mwanga wa simu ukazimika. Mama akaibonyeza simu, ukawaka. "Rudia," akasema. "Polepole."

Ghati hakuitazama simu. Alimtazama madam wake, akingoja kuambiwa asome kwa namna ipi, na mwanga ukazimika tena mikononi mwake.