Jogoo wa Mama Phelista

Mume wangu ni mchungaji, na mimi sina vita na vitabu. Nasema mapema kwa sababu watu wa Kabuchai wakinisikia nikisimulia haya hudhani nataka wachungaji wasisome. Wasome! Lakini mtu akisoma, asisahau ni nani wanaomngoja.

Kila mwezi mume wangu, Makokha, huenda Kitale kwa mkutano wa wachungaji, na kila mara hurudi na vitabu kutoka kwa mzee Gikonyo, anayeuza vya mitumba karibu na soko. Zamani alinunua vitabu vya imani: vya maombi, vya mateso, vya watu waliomtafuta Mungu mpaka wakakonda. Alinisomea jikoni nikichambua mboga. Mwaka juzi akahamia upande wa pili wa meza ya Gikonyo, kwenye vitabu vya kukuza kanisa, na huko hakutoka. Vitabu hivyo hakunisomea. Alivipigia mistari kwa kalamu nyekundu, peke yake, mlango umefungwa.

Kimoja kilisema mchungaji anayezuru kila nyumba atabaki na kanisa dogo siku zote. Awagawe waumini katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, yeye abaki na Neno na mipango. Makokha akafanya hivyo. Simsingizii, kanisa lilikua. Tulianza watu kumi na mmoja ndani ya ghala la mahindi; leo viti havitoshi, na vijana husikiliza wakiwa nje.

Ghala lile lilikuwa la Mama Phelista, mjane, mmoja wa wale kumi na mmoja. Alitoa magunia yake akayarundika jikoni kwake ili sisi tupate mahali pa kuombea. Mwezi wa kwanza mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Makokha alimshika mkono mlangoni mwa kanisa akamwambia, "Mama, nitakuja kwako nikuombee."

Basi Mama Phelista akatenga jogoo wa kumchinjia. Kwetu, kuku aliyetajiwa mgeni hauzwi, wala haliwi na mwingine, hata njaa ikibisha hodi.

Kiongozi wa kikundi chao, Sifuna, alikuwa akienda kila Alhamisi, na Sifuna huomba vizuri kuliko wachungaji wengi ninaowajua. Alipewa chai na viazi vitamu. Jogoo alibaki anatembea uani. Sifuna alitucheka siku moja baada ya ibada: "Pasta, kuna jogoo huko anakungoja, bana. Anatuangalia tu ni kama anajua sisi si wewe."

Mwezi wa tano nilikwenda mwenyewe. Mama Phelista hakuwa akitoka tena kitandani. Jogoo alikuwa mkubwa, mwenye makucha marefu, na alikuwa ameanza kuchechemea.

"Wilkista," akaniambia, "mwambie huyo bwana yako, mgeni njoo, mwenyeji apone." Akacheka, kisha akanishika mkono. "Lakini usimsukume. Si ako na kazi ya Mungu?"

Nilimfikishia ujumbe jioni ile ile. Makokha hakuinua macho.

"Nikimaliza hii sura. Kwani Sifuna haendi?"

"Anaenda. Ni jogoo amekataa."

Akacheka. Nikacheka pia, Mungu anisamehe. Ningeweza kukifunga kile kitabu na kumpa viatu vyake, lakini nilichemsha chai.

Mama Phelista alifariki Jumanne moja ya mwezi wa nane. Binti yake, Nekoye, alinipigia simu akilia. Nami nikampigia Makokha, simu yake ikawa imezimwa. Alikuwa Kitale, amesimama mbele ya wachungaji wenzake, ameombwa awaeleze jinsi kanisa lake lilivyokua.

Jumamosi tulimzika. Makokha alihubiri vizuri, sitamnyima hilo. Baada ya maziko tuliitwa ndani, sisi na wazee wachache, tukanawishwa mikono. Nekoye akaweka bakuli lenye kifuniko mbele ya mume wangu peke yake. Alipolifunua tuliona nyama ya kuku, na juu yake firigisi. Hakuna mtu Kabuchai asiyejua kwamba firigisi hupewa mgeni wa heshima.

"Pasta, ni yule jogoo," Nekoye akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Mama alituambia hata yeye akienda, tusimchinjie mtu mwingine."

Akalisogeza bakuli karibu na Makokha.

"Alisema pia tusikulaumu. Ati wewe uko masomoni, na mtu akisoma hasumbuliwi."

Angekataa, angekuwa amemkataa marehemu mbele ya watoto wake. Akaichukua firigisi akaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu, maana jogoo alikuwa amezeeka akingoja. Alitafuna muda mrefu, machozi yakishuka, na wazee wakatazama chini mpaka alipomeza. Nilimhurumia, na nilimkasirikia, yote kwa pamoja.

Nyumbani hakuchoma vitabu. Hata angetaka, ningemzuia, kwa sababu kitabu hakikumfungia mtu mlango. Viko pale pale, na mistari yake myekundu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni amevaa viatu, amesimama tu. Akaniuliza, "Ni nani mwingine ametuma nije?"

Watu hawampi yeye maneno hayo, hunipa mimi, nami nilikuwa nayo yote kichwani. Nikaanza kuwataja: mzee Wabwile wa karibu na mto, mama yake Hillary, yule mwalimu aliyefiwa na mke. Nilipofika jina la kumi na nne, akainua mkono akaniomba ninyamaze kidogo.